Breki Inayokataa Kuachia

Breki ina kazi mbili, kushika na kuachia, na mhadhara huu ni wa ile kazi ya pili. Breki isiyoshika hujulikana siku hiyo hiyo, tena kwa kishindo. Isiyoachia huja kwa kunyatia. Dereva anaona gari limekuwa zito kidogo mlimani. Mafuta yanaisha mapema. Kuna harufu ya kitu kinachoungua, naye anadhani ni watu wanaochoma taka kando ya barabara. Akisimama na kushuka, anasikia joto likimpiga mguuni kabla hajaligusa gurudumu.

Gari la kisasa lenye breki za haidroliki likipatwa na shida hiyo, mafundi wa Voi huimaliza kabla ya chai ya saa nne. Likija gari la zamani, ambalo breki zake huvutwa kwa rodi za chuma au kebo kutoka kwenye kanyagio hadi gurudumuni, wengi hushika kiuno na kusema watu wa kazi hiyo walikwisha kufa. Hawajafa. Ujuzi wa breki hizo bado upo Taita Taveta, na unatumika kila siku ya Mungu kuanzia Voi mjini hadi Taveta mpakani, ila siku hizi unapanda magurudumu mawili.

Kabla ya kufika huko, inafaa kukumbuka kwamba magari ya aina hiyo si wageni katika nchi hii kavu kati ya Tsavo na Kilimanjaro. Mnamo Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yaliiteka Taveta. Waingereza wakajibu kwa kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Maktau, na tarehe 12 Februari 1916 wakapigana na kushindwa katika kilima cha Salaita, karibu na Taveta. Pamoja na farasi, nyumbu na maelfu ya wapagazi, katika vita hivyo yalikuwapo magari ya deraya ya Rolls-Royce na magari mepesi ya Ford. Rolls-Royce ya wakati ule, pamoja na uzito wote wa mabamba ya chuma iliyovikwa, ilikuwa na breki kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Za mbele zilikuja katika miaka ya 1920. Ford Model T nayo ilikuwa na mpango wa ajabu kwa macho ya leo: kanyagio la breki lilibana mkanda ndani ya giaboksi, na ngoma ndogo zilizokuwa kwenye magurudumu ya nyuma zilikuwa za hendibreki.

Gari ambalo mhadhara huu utalitumia kama mfano ni mdogo wake, Ford Model A, lililotolewa mwishoni mwa 1927 na kutengenezwa hadi 1931, karibu milioni tano kwa jumla. Lilikuja na ngoma kwenye magurudumu yote manne, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 11, na rodi nne za chuma za kuzivuta. Breki za haidroliki zilikwishakuwapo. Kampuni ya Duesenberg ya Marekani iliziweka kwenye gari la kuuza tangu 1921. Lakini Henry Ford hakuyaamini mabomba ya mafuta. Kampuni yake ilijivunia kwamba kutoka mguu wa dereva hadi gurudumuni ni chuma kitupu, ikashikilia msimamo huo mpaka magari ya mwaka 1939. Wala hakuwa peke yake. Austin Seven ya Uingereza ilitumia kebo, na Volkswagen ya bei nafuu iliyouzwa Ujerumani kwenyewe iliendelea na kebo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sasa tuingie ndani ya ngoma. Ngoma ya breki ni bakuli la chuma lililofungwa kwenye gurudumu na kuzunguka nalo. Ndani yake, juu ya bamba lisilozunguka, kuna viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo mafundi huviita shuu. Kila shuu imevishwa laini, ule utando mgumu unaosugua chuma. Kati ya ncha mbili za shuu pana kemu, kipande cha chuma bapa ambacho kikigeuzwa hutanua shuu mpaka zigote ndani ya ngoma. Kwenye magurudumu ya mbele ya Model A kazi ya kemu hufanywa na kabari inayosukumwa chini na pini ndefu, na pini hiyo inapita katikati ya kingipini yenyewe, ule mhimili ambao gurudumu huzungukia wakati wa kukata kona. Kisha kuna springi za kuzivuta shuu zirudi.

Hapo kwenye springi ndipo ulipo moyo wa jambo hili. Dereva wa kawaida anaweza kusukuma kanyagio kwa uzito wa kilo 40 au 50 bila kutoa jasho, na wenzo huizidisha nguvu hiyo mara kadhaa kabla haijafika kwenye kemu. Kemu iliyokauka, pini yenye kutu, bushi iliyojaa udongo, vyote hivyo mguu huvishinda, na dereva hana habari. Lakini akiinua mguu, anayebaki kuirudisha mashine nzima ni springi, tena springi nyembamba kama ya kalamu kubwa, yenye umri wa miaka tisini, iliyochemka na kupoa mara elfu. Springi hiyo inatakiwa izirudishe shuu, iigeuze kemu, iuvute wenzo, iisukume rodi, na wakati mwingine ilizungushe hata lile fito kubwa la chini ya gari linalounganisha rodi zote. Kila mahali palipokauka pananyang'anya kidogo. Springi inapofika mwisho wa nguvu zake kabla shuu hazijaachana na ngoma, breki imekwama.

Ndiyo maana fundi anayekimbilia kukaza, kupiga nyundo au kunyoa laini hupoteza siku. Kilichoharibika ni safari ya kurudi, na safari hiyo ndiyo ya kuchunguzwa, hatua kwa hatua, kuanzia ndani ya ngoma kwenda kwenye kanyagio.

Na hapa ndipo vijana wa bodaboda wanapoingia. Boxer au TVS inayosubiri abiria kwenye steji ya Voi ina ngoma kwenye gurudumu la nyuma, shuu mbili, springi mbili na kemu moja. Kemu hiyo inageuzwa na wenzo mfupi, na wenzo unavutwa na rodi iliyotoka kwenye kanyagio la mguu wa kulia, yenye nati ya kurekebishia mwishoni. Pikipiki nyingi za aina hiyo zina ngoma hata mbele, inayovutwa kwa kebo. Ukiiondoa tofauti ya ukubwa, hiyo ndiyo breki ya Ford ya 1930. Kijana aliyeketi juu ya debe, akachomoa gurudumu la nyuma la Boxer, akaitoa kemu iliyoganda, akaisugua kwa msasa hadi ikang'aa, akaipaka grisi kiasi cha punje ya mahindi na kuirudisha, amefanya kazi ile ile ambayo mwenye Model A anaambiwa aitafutie mtaalamu Nairobi. Pikipiki yake inakwama kwa sababu zile zile, inalia kwa sauti zile zile, na inapona kwa dawa zile zile. Anachohitaji ni mtu wa kumwonyesha gari lenyewe na kumwambia: hizi hapa ni Boxer nne zilizounganishwa.

Tuseme basi gari limeletwa kwake, na mwenyewe ni mstaafu ambaye amelirithi. Swali la kwanza la fundi mwenye utaratibu halihusu spana.

"Mzee, inakamata ukilitoa asubuhi, au ukishatembea?"

Jibu la swali hilo linapunguza kazi kwa nusu. Breki inayokamata asubuhi, baada ya gari kulala nje katika mvua za vuli, kwa kawaida ni kutu. Unyevu umeingia kati ya laini na ngoma, chuma kimefanya kutu usiku kucha, na shuu zimegandamana na ngoma kana kwamba zimetiwa gundi. Gari likisukumwa nyuma na mbele kidogo, hulia "ko!" na kuachia. Likiachia namna hiyo na lisirudie tena mchana kutwa, hakuna kilichovunjika. Gari lililosimama miezi mitatu litakuwa na ugonjwa huo kwa ukali zaidi, na dawa yake ni kuifungua ngoma na kuisafisha, wala si kulivuta kwa trekta.

Breki inayokamata baada ya kutembea ina kisa kingine, ambacho ni cha joto. Inayokamata gari likipakiwa watu na mizigo, halafu likapona likiwa tupu, inaelekeza kidole kwenye springi kubwa za gari na mkao wa ekseli. Inayokamata wakati wa kukata kona tu inaelekeza kwenye zile pini za mbele zinazopita ndani ya kingipini: zikilika au zikipinda, kukata usukani kunatosha kuigusa kabari. Na ile inayokamata na kuachia, kukamata na kuachia, mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, ni ngoma isiyo duara tena. Mengi katika haya yanaweza kujulikana mzee akiwa bado amekaa kwenye kiti cha plastiki.

Kisha linakuja jaribio la bega. Gari linawekwa mahali tambarare, gia huru, hendibreki imeshushwa, na mtu mmoja analisukuma. Model A lina uzito wa kama tani moja, na mtu mzima mwenye afya anapaswa kulianzisha kwa bega lake peke yake. Lisipoanza, fundi analitembeza kilomita mbili hivi bila kugusa breki ila kwa dharura, anasimama, na kupeleka mgongo wa mkono karibu na kila ngoma. Mgongo wa mkono, kwa sababu kiganja kikiungua kazi ya wiki nzima imekwisha. Ngoma iliyo moto kuliko wenzake ndiyo yenye kosa. Zote nne zikiwa moto sawasawa, kosa haliko magurudumuni hata kidogo: liko kwenye kanyagio au kwenye fito la katikati.

Gurudumu likishajulikana, gari linainuliwa kwa jeki na kuegeshwa juu ya vigingi imara vya chuma. Jeki peke yake haitoshi, na tofali halifai kabisa, kwa kuwa hupasuka bila kutoa ilani. Watu wamekufa chini ya magari kwa sababu hiyo. Magurudumu yaliyobaki chini yanawekewa mawe. Hapo inafuata hatua moja ambayo, kwa maoni ya mhadhara huu, ina thamani kuliko nyingine zote: kuitoa kota pini, kuichomoa pini inayoiunganisha rodi na wenzo wa gurudumu, kisha kulizungusha gurudumu kwa mkono.

Likizunguka kwa uhuru, ngoma na vilivyomo ndani ni vizima, na mwizi wa nguvu ya springi yuko upande wa rodi. Likiendelea kubana, rodi hazina hatia, na mwizi yuko ndani. Ni pini moja tu na dakika tano, lakini inaligawa gari mara mbili na kuondoa ubishi wote. Ajabu ni kwamba wengi huiruka hatua hii na kuanza kuzungusha nati za rodi zote nne kwa kubahatisha, na jioni ikifika gari lenye kosa moja lina makosa matano.

Tuseme limeendelea kubana. Ngoma inafunguliwa. Kabla ya kugusa kitu, vumbi la ndani linaloweshwa kwa maji yenye sabuni na kufutwa kwa kitambaa ambacho kitatupwa. Halipulizwi kwa kompresa wala kwa mdomo. Laini za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na unyuzi wa asbesto ukiingia mapafuni haumtoki mtu. Huzaa saratani baada ya miaka ishirini, thelathini, hata arobaini. Fundi kijana anayepuliza ngoma leo hatakohoa kesho, na ndiyo maana ni vigumu kumshawishi. Anapaswa kushawishiwa hivyo hivyo, na mwenye gari ndiye wa kwanza mwenye wajibu huo.

Ndani, fundi anatafuta mambo machache. Anageuza kemu kwa mkono: je, inarudi laini, au inakaa palepale alipoiacha? Anazitazama springi: iliyochoka huacha mwanya kati ya koili zake hata ikiwa haivutwi, na iliyoungua hubadilika rangi kuwa ya samawati. Anapapasa kwa kidole vile vinundu vya bamba ambavyo kingo za shuu hutelezea juu yake. Hapa mara nyingi ndipo siri inapojificha. Baada ya miaka mingi shuu huchimba vijishimo vidogo kwenye vinundu hivyo, na shuu ikitumbukia kwenye kijishimo haitoki; springi inavuta, shuu inakaa. Jicho halikioni kijishimo chenye kina cha nusu milimita. Kidole kinakihisi mara moja, kama ukingo wa shilingi. Dawa ni kukijaza kwa kulehemu na kukisawazisha kwa tupa, kazi ya asubuhi moja kwa mtu wa welding wa Voi.

Anaangalia pia kama shuu ya mbele imeng'ang'ania. Ngoma inapozunguka kwenda mbele huikokota shuu moja na kuizamisha zaidi kwenye chuma, na hilo ndilo linaloipa breki ya ngoma nguvu kubwa kwa juhudi ndogo. Lakini laini yenye ncha kali isiyochongwa, au iliyolowa grisi kidogo kutoka kwenye beringi, hunasa na kujizamisha yenyewe. Dalili yake ni gari kuachia mara tu linaporudishwa nyuma hatua moja. Ncha za laini huchongwa mshazari kwa tupa. Laini iliyolowa grisi haifai kuoshwa kwa petroli na kurudishwa, ingawa ndivyo inavyofanywa mahali pengi, kwa kuwa grisi iliyozama ndani hutoka tena joto likipanda. Inabadilishwa, na sili ya beringi inabadilishwa pamoja nayo.

Na ikiwa gurudumu lilizunguka vizuri pini ilipochomolewa, basi kazi iko chini ya gari, na Voi ina neno lake la kusema hapo. Udongo mwekundu wa nchi hii, ule ule unaowapa tembo wa Tsavo rangi yao, ni laini kuliko unga. Barabara kuu ya kwenda Taveta ina lami, lakini njia za mashamba ya mkonge, za kuelekea mageti ya hifadhi na za ranchi bado ni vumbi. Vumbi hilo hukaa juu ya kila kilichopakwa grisi. Mwenye gari anayependa gari lake huzipaka pini za rodi grisi tele, akidhani amezilinda. Baada ya miezi miwili grisi na udongo vimekuwa uji unaotafuna chuma kama msasa, na baada ya mwaka vimekauka kuwa sementi. Pini zilizo wazi zinafaa kufutwa na kutiwa tone la mafuta ya injini, kisha kufutwa tena. Mara kwa mara na kidogo kidogo. Grisi inafaa ndani ya bushi za fito la katikati, inakoingizwa kwa bomba hadi ile chafu itoke yote.

Kwa magari ya kebo, kama Austin Seven, ugonjwa uko ndani ya ala. Uzi mmoja wa waya ukikatika hujikunja na kuikwaruza ala, na kebo huenda ikivutwa lakini hairudi. Kebo ya namna hiyo haiponi. Iliyokauka tu inaweza kuokolewa kwa njia ya bodaboda: inaning'inizwa wima usiku kucha, juu yake kumefungwa faneli ya kipande cha tyubu, na mafuta mepesi yanateremka taratibu hadi yatokee upande wa pili.

Kuna kosa moja la chini ya gari ambalo limewasumbua watu wenye akili zao. Ekseli haikai mahali pamoja. Inapanda na kushuka na springi za gari, na ikipanda au kushuka, umbali kati yake na fito la katikati unabadilika kidogo. Rodi nayo haibadiliki. Basi fundi akiinua gari kwa kulishika chasisi, ekseli zikaning'inia, kisha akarekebisha breki zikawa safi kabisa, gari likishuka chini na watu wanne wakapanda, rodi zinajivuta zenyewe na breki zinakamata. Analiinua tena, hakuna kosa. Analishusha, kosa limerudi. Vigingi viwekwe chini ya ekseli, uzito wa gari ukae juu ya springi zake kama linavyokaa barabarani, na fumbo hilo linakwisha. Kwa gari lenye bolti za U zilizolegea au jani la springi lililokatika halitakwisha, kwa kuwa ekseli yake inatembea kila breki inapokanyagwa. Springi zitengenezwe kwanza.

Na rodi zisifupishwe. Hili linastahili kusemwa kwa sauti. Laini zikilika, kanyagio linashuka chini zaidi, na njia ya mkato ni kuikaza nati ya rodi ili kulipandisha. Linapanda kweli. Lakini wenzo sasa umeanza safari yake ukiwa umekwisha kulala, kemu imekwisha kugeuka nusu, na shuu hazina pa kurudi. Kulika kwa laini kunarekebishwa gurudumuni, kwenye skrubu iliyowekwa kwa kazi hiyo. Rodi inapimwa mara moja, breki ikiwa imepumzika kabisa: pini inapaswa kuingia kwenye tundu kwa kusukumwa na kidole, bila kuuvuta wenzo hata kidogo. Ikihitaji nyundo, rodi ni fupi.

Limebaki joto, na kwa joto hakuna darasa zuri kuliko mteremko wa kutoka Wundanyi hadi Mwatate. Ni kilomita zipatazo 15 za kona juu ya kona, na gari linashuka takriban mita 500. Model A lenye abiria, tuseme kilo 1,200, likishuka kimo hicho linapaswa kutua karibu mega joule 6 za nishati mahali fulani. Nishati hiyo inatosha kuchemsha lita 18 za maji ya bomba, karibu jerikeni zima. Dereva akishuka kwa gia ya pili, injini na upepo huchukua sehemu kubwa. Akishuka kwa gia kubwa huku mguu umelala kwenye breki, ngoma nne ndogo zinaibeba yote.

Ngoma ya inchi 11, yaani milimita 280, ikipanda joto kwa nyuzi 200 hupanuka zaidi ya nusu milimita. Mlimani dereva anahisi kanyagio likizama, naye anakanyaga zaidi. Anafika Mwatate, anaegesha mbele ya hoteli, anavuta hendibreki kwa nguvu zake zote na kwenda kunywa chai. Wakati chai inapoa, ngoma nazo zinapoa, zinasinyaa na kurudi kwenye kipimo chake cha mwanzo. Lakini shuu zimezuiliwa na hendibreki zikiwa zimetanuliwa kwa kipimo cha moto. Ngoma inazibana kama pete iliyovalishwa kidole kilichovimba. Akirudi, anashusha hendibreki, na gari halitikisiki. Springi haiwezi kushindana na chuma kinachosinyaa. Mbaya zaidi, ngoma iliyopoa huku imebanwa sehemu mbili inaweza kupoteza duara lake, na ile breki ya kukamata na kuachia kila mzunguko ikawa imezaliwa hapo, mbele ya hoteli, bila mtu kuona.

Aliyekwama hivyo asiliburute gari kwa injini. Alisukume nyuma kidogo na mbele kidogo, na likikataa, alegeze skrubu ya kurekebishia kwenye magurudumu ya nyuma, mizunguko michache tu, hadi shuu zipate nafasi.

Dereva anayelijua jambo hili hushuka kutoka Wundanyi kwa gia ya pili tangu juu, akikanyaga breki kwa nguvu na kuiachia kabisa, kisha tena, badala ya kuipapasa njia nzima. Akifika Mwatate anatafuta mahali tambarare, anazima injini, anaacha gari kwenye gia, anaweka jiwe mbele ya gurudumu na jingine nyuma, na hendibreki anaiacha chini. Baada ya nusu saa anarudi na kupitisha mgongo wa mkono kwenye ngoma zote nne, ambazo sasa ni vuguvugu na zinalingana. Anaondoa mawe, anaweka gia huru, anaegemeza bega kwenye nguzo ya mlango, na gari linaanza kutembea.